Uliza Fundi: Sensa ikinyamaza usiku, samaki wanaharibika kimyakimya

Wiki hizi mbili tatu maswali yaliyomiminika ni ya vifaa janja vya nyumbani, yaani balbu, plagi, swichi, na vile vidude vya kuhisi joto au mlango ambavyo wengi tunaviita sensa, na malalamiko karibu yote yanafanana, kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri halafu siku moja hakipo hewani. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna mzigo wa mtu ulioharibika, na ukiielewa hiyo nyingine zinakuwa nyepesi.

*

Habari fundi. Nafanya biashara ya samaki hapa Kitangiri, Mwanza, nachukua sato na sangara Kirumba mwaloni, nagandisha nyumbani, nauzia mahoteli na wateja wa Dodoma. Nina friza tatu chumba cha nyuma. Mdogo wangu alinifungia hivi vitu janja mwaka jana, kila friza ina plagi janja (wakati anaziunga alikuwa anaandika paswedi ya waifai), halafu ndani ya kila friza kaweka sensa ya joto ya betri ya duara, na kuna kiboksi wanaita habu ya Zigbee kimechomekwa nyuma ya rauta sebuleni. Nikiwa sokoni naangalia kwenye simu. Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Sasa hivi sensa zinapotea hewani, leo hii kesho ile, na betri nabadilisha kila baada ya wiki tatu. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku ukarudi, asubuhi nakuta friza moja haijawaka kabisa, taa ya plagi imezima, na simu haikuniambia kitu. Samaki wa friza nzima wameharibika. Fundi mmoja kaniambia ninunue busta ya waifai, bei yake kubwa. Ninunue?
Dada wa Kitangiri

Dada yangu pole sana, pole ya kutoka moyoni, friza nzima ya samaki ni mtaji na ni alfajiri ngapi za mwaloni zimeenda hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla sijakaa kuijibu.

Busta usinunue. Nakuambia hilo mwanzo kabisa ili hela isitoke. Busta ya waifai inarudia waifai, na sensa zako haziongei waifai, zinaongea Zigbee, ni lugha nyingine kabisa japo zote zinapita anga moja la gigahezi 2.4. Ukiweka busta sensa hazitasikia chochote cha maana, zitasikia kelele zimeongezeka tu. Kwako kuna matatizo manne yamelaliana, ndo maana hata aliyekuja kuangalia akaona moja tu na hilo lenyewe akaliona vibaya.

Tuanze na lile lililoua samaki, na hilo wala sio la mtandao. Plagi janja karibu zote kwenye setingi zake kuna kipengele cha hali ya plagi umeme ukirudi, na machaguo huwa matatu, iwake, ibaki imezima, au irudi kama ilivyokuwa. Hiyo plagi moja kwa jinsi ulivyoeleza iko kwenye ibaki imezima. Umeme ukarudi, plagi ikaamka, ikafanya ilichoagizwa, ikakaa imezima mpaka kunakucha. Fungua apu leo hii usiku, ingia kwenye kila plagi moja moja, weka iwake. Halafu usiamini maandishi, chomoa friza, chomeka taa ya mezani kwenye hiyo plagi, zima swichi ya soketi ukutani, hesabu mpaka kumi, washa. Taa ikiwaka yenyewe bila wewe kugusa simu hapo sawa. Isipowaka, plagi hiyo iondoe kwenye friza isikae hata usiku mmoja.

Na mi maoni yangu, na haya nayashikilia, friza ya biashara isipitie kwenye plagi janja kabisa. Ndani ya plagi kuna kiswichi kidogo cha umeme, rilei, na kompresa ya friza kila inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, kwahiyo kila siku kile kiswichi kinapigwa na cheche mara nyingi sana. Kitachoka. Juu ya hapo mtoto akichezea simu akigusa kitufe kimoja, friza imezima. Friza chomeka ukutani moja kwa moja kupitia frijigadi, kale kadude kanakosubirisha dakika kadhaa umeme ukirudi mpaka utulie ndo kanaachia. Vifaa janja viachie kazi ya kulinda, yaani kuangalia joto na kupiga kelele. Kuwasha na kuzima visishike.

Sasa sensa. Friza ni sanduku la bati, na mawimbi ya redio hayapiti kwenye bati. Kinachotoka ni kile kidogo kinachopenya kwenye raba ya mfuniko na kwenye plastiki, ndo maana unaiona kwa masaa halafu inapotea, ukihamisha kreti ya samaki tu mambo yanabadilika. Na kule ndani ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Betri ya duara kwenye baridi ile volti zake zinashuka, sensa inasoma betri imekwisha wakati ukiitoa nje ikapata joto inaonyesha bado ina nguvu. Nina hakika betri nyingi ulizotupa zilikuwa nzima. Halafu kuna jambo jingine linalokula betri: sensa ikipoteza njia ya kwenda kwenye habu haikai kimya, inatafuta, inaita, inatafuta tena, na kutafuta ndiko kunakotumia umeme kuliko kazi yake yote ya siku.

Dawa yake ni sensa zenye waya mwembamba wa kupimia, mwili wa sensa na betri unakaa nje umebandikwa ubavuni mwa friza, waya ndo unaingia ndani kupitia kwenye raba ya mfuniko. Waya ule mwembamba raba inaufunika vizuri, lakini siku mbili tatu za mwanzo angalia pale kama barafu inajijenga, ikijenga sogeza waya kwenye kona nyingine. Ncha usiiache inaning'inia hewani ndani ya friza, ichomeke katikati ya mifuko ya samaki, maana unachotaka kujua ni joto la samaki. Ukiiacha hewani kila ukifungua mfuniko kumhudumia mteja simu itakupigia kelele, na baada ya wiki utaizoea kelele hutaitazama tena, hapo ndo hatari ilipo.

Tatu, njia yenyewe. Zigbee haipigi mbali, ndani ya nyumba yenye kuta za tofali tegemea mita 10 mpaka 20 na kuta mbili tatu zinaila yote. Nguvu yake iko kwenye kupokezana. Umeona pale mwaloni mtumbwi ukifika, kreti haibebwi na mtu mmoja toka majini mpaka kwenye gari, zinapita mkono kwa mkono, ndivyo Zigbee inavyofanya, kifaa kinachokula umeme wa ukutani kinapokea ujumbe wa mwenzake na kuusukuma mbele. Sensa za betri hazipokezi, zinalala muda wote kulinda betri, zinaamka zinasema la kwao zinalala tena. Sasa kwenye nyumba yako nani anapokeza? Ungeniuliza kabla sijasoma barua ningesema zile plagi tatu. Lakini umeandika mdogo wako alikuwa anaweka paswedi ya waifai wakati anaziunga, na hiyo ndo alama, kifaa kikikuomba paswedi ya waifai basi ni cha waifai, kifaa cha Zigbee hakikuombi, kinaunganishwa kwenye habu moja kwa moja. Vyote vinaonekana kwenye apu moja ndo maana mtu anadhani ni ukoo mmoja. Kwahiyo sensa zako zinapiga kelele toka chumba cha nyuma mpaka sebuleni zenyewe, zimefungiwa kwenye bati, hakuna wa kuzipokea katikati.

Hela uliyotaka kutoa kwenye busta nunua plagi mbili za Zigbee, hakikisha kwenye boksi imeandikwa Zigbee, moja chomeka koridoni moja chumba cha friza. Usichomeke kitu chenye maana, chomeka taa ndogo au acha tupu, kazi yake ni kupokeza. Soketi zetu zina swichi ukutani na watu wa nyumbani wana tabia nzuri ya kuzima wakitoka, kwa hizi mbili bandika selotepu kwenye swichi, maana soketi ikizimwa daraja limevunjika. Ukishachomeka, sensa ziondoe kwenye apu uziunge upya zikiwa pale pale zinapokaa, usiziungie sebuleni halafu ukazipeleka nyuma, kuna sensa ukiziungia karibu na habu zinaing'ang'ania habu hata zikiwa mbali na mpokezaji yupo jirani. Halafu mtandao uache siku nzima ujipange ndo uanze kuhukumu.

Na ile habu kuikalisha nyuma ya rauta, hapana. Waifai ni kama spika ya mnada, Zigbee ni mtu ananong'ona, umeziweka ubavu kwa ubavu. Isogeze habu angalau mita moja mbili, kama inatumia kebo ya mtandao tumia kebo ndefu. (Kwa wanaotumia kile kijiti cha Zigbee kwenye kompyuta, usikichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB 3 lile la bluu, tundu lile linatoa kelele kwenye gigahezi 2.4, weka waya wa kurefusha wa USB kisogee mbali, nimeona mitandao imepona kwa waya huo tu.) Kisha ingia kwenye rauta uangalie chaneli. Waifai ya 2.4 usiiache ijichagulie, weka 1 au 6 au 11 na upana uwe megahezi 20, usiweke 40. Zigbee nayo ina chaneli zake toka 11 mpaka 26 na namba hizo hazihusiani na za waifai, watu wengi wanachanganya hapo, Zigbee 11 iko ndani kabisa ya eneo la waifai 1. Waifai yako ikikaa 1, Zigbee ikae 20 au 25. Ikikaa 11, Zigbee 15. Chaneli 25 mara nyingi inapona kwa sababu iko juu ya waifai 11, ila ujue ukibadilisha chaneli ya Zigbee kuna vifaa vitafuata vyenyewe na vingine itabidi uviunge upya, kwahiyo fanya siku una nafasi, sio siku ya mzigo.

La nne ndo linaniuma zaidi. Umeme ulipokatika simu isingeweza kukuambia kitu, maana rauta ilizima, habu ilizima, hakuna aliyebaki macho wa kukuambia, na uliporudi, sensa iliyopotea hewani ikakaa kimya. Na hata umeme ukiwepo, bando likiisha saa tano usiku, ujumbe hauendi, maana apu nyingi hizi zinapitisha taarifa kwenye seva za nje ya nchi ndo zirudi kwenye simu yako hata kama umekaa chumba cha pili. Tafuta UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, zile za volti 12, inabeba rauta kwa masaa na nyingine zina tundu la USB la kubeba habu pia. Weka king'ora cha Zigbee cha betri chumbani unakolala, na kwenye habu tengeneza amri ya ndani kwa ndani, joto likizidi nyuzi 12 chini ya sifuri kwa dakika 30 kipige. Habu nzuri zinatimiza amri hiyo bila intaneti, jaribu kwa kuchomoa waya wa intaneti uone. Na amri ya pili ambayo watu hawaiweki, kama apu yako inaruhusu, sensa isiposema kitu kwa saa moja king'ora kilie vilevile. Sasa hivi kimya cha sensa wewe unakichukulia ni salama. Kigeuze, kimya kiwe kengele.

Wakati unakusanya hela ya hivyo vyote, leo gandisha maji kwenye kikombe, yakiwa barafu weka sarafu ya shilingi 200 juu yake, rudisha kwenye friza, kikombe kwa kila friza. Asubuhi sarafu ikiwa juu friza ililala salama. Sarafu ikiwa chini, barafu iliyeyuka usiku hata kama sasa hivi imeganda tena, na samaki wale usiwauze.

*

Shikamoo fundi. Kwetu ni Isamilo juu kwenye mawe, nyumba iko juu geti liko chini, ni kama mita 40 hivi kwa ngazi. Nimefunga kengele ya geti yenye kamera, ya waifai. Ukisimama sebuleni dirishani unaliona geti kwa juu, lakini kamera inakatakata na usiku inapotea. Nimeweka busta mbili, moja sebuleni moja verandani, imekuwa mbaya zaidi. Rauta yetu ni mpya na ina gigahezi 5. Nifanye nini?
Kijana wa Isamilo

Marahaba mdogo wangu. Umesema mawe ukapita haraka, na jibu liko kwenye mawe. Jiji letu limejengwa juu ya matale, na jiwe la unene wa mita mbili tatu halipitishi waifai ya aina yoyote. Sio suala la nguvu, hata ukiweka rauta ya bei gani. Hiyo gigahezi 5 unayojivunia ndo inashindwa zaidi na vizuizi, yenyewe ni ya kasi kwa mtu aliye chumba kimoja nayo, na kengele nyingi za geti haziisomi kabisa, zinasoma 2.4 tu.

Busta zako mbili zinapokezana kwa hewa, kila moja inapokea na kutuma kwenye anga lile lile, kwahiyo kasi inagawanyika na ukiunga ya pili kwenye ya kwanza inagawanyika tena. Zitoe. Chukua simu, weka apu yoyote ya kupima waifai inayoonyesha namba za dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi, zinakuja na alama ya kutoa. Shuka ngazi taratibu uwe unaandika. 67 kwenda chini kwa namba, yaani 60, 55, ni nzuri, ikigonga 80 hapo kamera lazima ikatike. Utaona namba haishuki polepole, kuna hatua moja utapita nyuma ya jiwe na itaanguka ghafla, hapo ndo mpaka wako. Umesema dirishani unaliona geti, basi hiyo ndo njia, toa kebo ya mtandao kutoka kwenye rauta mpaka pale dirishani au kwenye kona ya paa inayoliona geti bila jiwe katikati, funga pale kirusha waifai cha nje chenye uso mmoja, kielekeze getini. Kebo hiyo ya shaba inaruhusiwa mpaka mita 100.

Ungeweza kuishusha kebo mpaka getini kabisa, na kwa uthabiti hakuna kinachoishinda, lakini ziwa letu na radi za usiku unazijua. Shaba ndefu iliyolala nje juu ya mawe ni mwaliko. Nimeona radi imepiga mbali tu na kilichoko upande huu wa kebo na upande ule vyote vimeungua. Ukitaka kushusha waya mpaka chini, shusha faiba, ile ni kioo haibebi umeme.

Na kengele yenyewe iangalie imekaa wapi. Kama umeichimbia kwenye nguzo yenye bati au iko nyuma ya geti la chuma, itoe ikae uso wa ukuta ikitazama nyumba. Usiku inapotea kwa sababu inawasha taa zake za kuonea gizani na inakula umeme zaidi, kama inatumia betri au waya mwembamba wa adapta ndogo uliovutwa mita zote hizo, volti zinafika chini zimechoka. Pima volti pale pale getini usiku kamera ikiwa inafanya kazi, usipime juu kwenye adapta.

*

Hujambo fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Nansio Ukerewe. Wanangu waliopo Dar waliniletea balbu janja sita za waifai nizime nikiwa kitandani kwa sababu ya magoti. Nashukuru. Shida, umeme ukikatika na kurudi balbu zote zinawaka hata saa nane za usiku, na mara nyingine moja au mbili zinabaki zinapepesa tu hazitii simu, mpaka mjukuu aje toka shule aziunge upya. Mwezi jana niliambiwa nibadilishe rauta, zikagoma zote sita. Je, zimeharibika?
Mwalimu, Nansio

Shikamoo mwalimu. Hazijaharibika hata moja.

Kuwaka zote usiku ni ile habari niliyomweleza dada wa Kitangiri hapo juu, kila balbu ina setingi ya umeme ukirudi ifanye nini, na nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye iwake. Mjukuu aweke irudi kama ilivyokuwa, kwa zote sita, ni kazi ya dakika 10, na wewe utalala.

Kupepesa ndo kuna siri ambayo wengi hawaijui. Balbu haina kitufe, kwahiyo watengenezaji wengi wameweka njia moja ya kuifuta na kuianza upya, unazima na kuwasha swichi ukutani haraka haraka mara tatu au tano, balbu inasahau waifai yote na kuanza kupepesa ikisubiri kuungwa. Sasa umeme ukirudi kwa kusitasita, unakuja unakata unakuja unakata, balbu inahesabu kama mtu ameizima na kuiwasha makusudi, inajifuta yenyewe. Baadhi ya apu zina sehemu ya kuzima uwezo huo, mjukuu atafute. Kama haipo, umeme unapoanza kusitasita zima swichi ya taa ukutani usubiri utulie ndo uwashe. Najua magoti, kwahiyo ukiweza waambie wanao wabadilishe balbu za chumbani kwako waweke swichi janja ya ukutani badala yake na balbu ya kawaida, swichi inabonyezwa na mgeni yeyote bila kuvunja kitu, na ukiwa kitandani simu inafanya kazi vilevile. Ila fundi umeme afungue kwanza kisanduku cha swichi aangalie kama kuna waya wa nyutro, nyumba zetu nyingi swichini inashuka laivu tu na swichi janja nyingi hazifanyi kazi bila nyutro. Zipo zisizohitaji, aulize dukani mapema.

Za rauta mpya ni rahisi. Balbu inakumbuka jina la waifai na paswedi, haijui rauta ni ipi. Rauta mpya ipewe jina lile lile la zamani na paswedi ile ile, herufi kubwa kwa kubwa ndogo kwa ndogo, na aina ya ulinzi iwe WPA2 kwa sababu balbu nyingi hazielewi WPA3, na 2.4 iwe imewashwa. Balbu zitarudi zenyewe. Na baada ya umeme kurudi zipe dakika tatu nne kabla hujaita mjukuu, rauta inachelewa kuamka kuliko balbu, balbu inaita haijibiwi, itaita tena. Jambo moja la kuwauliza wanao, ile rauta inakubali vifaa vingapi, hizi ndogo za laini ya simu zipo nyingi zinazokomea 10, na balbu sita pamoja na simu za wageni wa Jumapili kumi inafika.

*

Mambo fundi, niko Nyegezi naangalia hosteli. Nimefunga swichi janja ya waifai kwenye pampu ya kisima, pampu ni HP 1.5, swichi imeandikwa 10A. Nawasha kwa simu fresh, lakini kuzima mara nyingine simu inaonyesha imezima na pampu inaendelea tu, juzi tenki limemwaga maji usiku kucha. Mtandao una delei au ni nini?
Msimamizi, Nyegezi

Poa ndugu yangu. Mtandao hauna kosa hapo. Sikiliza swichi unapozima, ukisikia tik na pampu bado inazunguka, amri imefika ila meno ya rilei ndani yameshikana kwa joto. Pampu ya HP 1.5 ikiwa inazunguka inavuta kama ampea 7 au 8, lakini ile sekunde ya kuanza inavuta mara tano sita ya hapo, na 10A iliyoandikwa ni ya mzigo mtulivu kama pasi au hita. Hiyo swichi itoe leo, ikishashikana mara moja itashikana tena na siku nyingine itayeyuka. Fundi umeme akufungie kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku, ya ukubwa wa pampu pamoja na ovalodi ya kukata pampu ikizidiwa, swichi janja mpya iwe inawasha koili (sumaku) ya kontakta tu, na kwenye tenki muweke floti, swichi inayoelea juu ya maji, iliyopita kwenye waya huo huo wa koili ili maji yakijaa ikate yenyewe hata kama simu yako imezima na waifai haipo. Kwenye apu weka pia kikomo cha muda, dakika 40 au kadri tenki lako linavyojaa. Na kabla hamjafungua chochote zimeni breka kubwa, msiizime kwa simu.